Shangazi Jicho na Mwewe Waliohesabiwa Mara Mbili

Shangazi yetu, tuliyezoea kumwita Jicho, alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, mtoto wa tatu wa seremala.

Alisomea ufundi wa miwani, akahitimu mwaka 1979. Ndiyo, alimaliza chuo. Katika ukoo huu si wote, na wahusika tunajijua. Alisaga lenzi katika duka moja kwa miaka thelathini. Mwaka 1983 aliolewa na fundi saa wa mlango wa pili, mtu mpole ambaye hajawahi kushinda ubishi nyumbani kwake.

Kila majira ya kuchipua alipanda mgongo wa mlima na darubini yake, kuihesabia ofisi ya wanyamapori mwewe na tai wanaohama. Tarehe 11 Aprili 2009 alihesabu elfu sita kwa siku moja, rekodi ya mlima. Akapewa ngao. Tukaitundika sebuleni, tukatembea vifua mbele kama tuliohesabu ni sisi. Ofisi nayo, kuona mwewe wamejaa tele, ikawaondoa walinzi wa ndege mlimani. Wenye mitego wakapanda.

Miaka miwili baadaye, akiwa kulekule juu, aliona upepo ukigeuka, ukalirudisha kundi la mwewe nyuma ya mlima, kisha likapita tena mbele yake. Akakaa chini. Siku ya rekodi upepo uligeuka vilevile.

"Nakwenda ofisini kuwaambia," alisema jioni ile.

"Dada, nani atakwenda kumuuliza mwewe?" baba yangu akamjibu. "Unataka kutuvua nguo mbele za watu?"

Mumewe peke yake alisema, "Nenda, mke wangu." Tukamzidi kelele.

Shangazi alinyamaza kwa ajili yetu. Lakini tangu hapo, kila alipoketi sebuleni, aliipa ngao kisogo.

Januari mwaka huu figo zilimlemea. Wodini alituagiza, "Msinisifu kwa siku ile. Mkithubutu, nitaamka." Alifariki tarehe 2 Aprili 2024, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Basi hatumsifu kwa siku ile. Jana baba aliirudisha ngao ofisini, akaeleza yote, na kwamba aliyemziba mdomo dada yake ni yeye. Walinzi watarudishwa. Mwewe walionaswa hawarudi.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, na kaka mmoja ambaye leo hainui uso.

Shangazi, wewe pumzika kwa amani. Usingizi utukose sisi.