Mzee Subiri Anaiacha Benki ya Damu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika benki ya damu ya hospitali yetu, mtaalamu wetu mkuu wa maabara anastaafu tarehe 30 Juni. Wengi hapa hawalijui hata jina lake la kwenye mshahara. Ni Mzee Subiri, kwa sababu hilo ndilo neno alilomjibu kila daktari aliyegonga dirisha akidai damu chapuchapu.

Alianza kwa kuosha vifaa, akaenda kusoma, akapanda ngazi mpaka akakabidhiwa funguo za majokofu. Sweta lake la kijivu, alilovaa hata jua likichoma, tulilitania mpaka tukachoka wenyewe. Chai aliinywea nje, amesimama, jicho mlangoni.

Kisha bintiye akaugua lupus, ugonjwa ambao kinga ya mwili humgeukia mwenyewe ikamshambulia viungo, ngozi, hata figo. Kwa binti huyu iliishambulia na damu. Yeye na baba yake walikuwa kundi moja, B, na mzee alishakunja mkono wa sweta ili amtolee. Utaratibu haumruhusu mtu kumpimia ndugu yake, kwa hiyo nilipima mimi, yeye akingoja koridoni. Damu zao zilipokutana zilishikana mabonge, ishara kwamba hazipatani. Nikarudia, zikashikana tena. Za wachangiaji wengine nazo zikawa vivyo hivyo. Tulimpa ile iliyoshikana kidogo kuliko zote, ikamsogeza miezi michache tu. Tulimzika mvua ikinyesha.

Tangu hapo mzee hakuwa na raha. Je, ni kundi la damu alilomrithisha ndilo lililomletea ugonjwa? Kliniki ya lupus hapa hospitalini ilikuwa inalinganisha makundi ya damu ya wagonjwa na ya watu wazima wa afya, naye akajitolea kupima sampuli zote baada ya saa za kazi. Ilichukua miaka. Daktari wa kliniki hiyo aliposoma majibu mkutanoni, makundi ya wagonjwa wetu hayakuwa na tofauti yoyote na ya wengine. Tulidhani atashusha pumzi. Alisema tu, "Basi sina hata wa kumlaumu." Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa.

Wiki iliyopita mama mmoja, bintiye akiwa na ugonjwa ule ule, alimuuliza dirishani kama mtoto ameupata kwenye damu yake. Mzee aliweka kigae cha kupimia chini, akatoka, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia hata mkurugenzi, akakaa naye kwenye benchi.

"Si damu yako, mama," alimwambia. "Mimi nimeshatafuta."

Mama yule alilia, na mzee naye akalia, mbele yetu sote.

Mzee wetu, ahsante kwa damu uliyoitoa na kwa ile uliyokataa kuitoa kabla haijapimwa. Ulichopoteza hatuwezi kukurudishia. Tunakuombea siku njema nyumbani na mama watoto, na usingizi usio na swali.