Pete ya Kutokea

FUNDI SAA: Haloo? Nani huyo? Kioo cha simu kimepasuka, namba naiona nusu.

NATI: Ni mimi, kaka. Shikamoo.

FUNDI SAA: Marahaba, Nati! Mezani tunakungoja wewe tu. Uko wapi?

NATI: Niko wapi tena? Stoo, nyuma ya dirisha langu la wavu. Mabasi matatu yamelala gereji, mafundi wananizonga tangu asubuhi. Leo nacheza kwa simu.

FUNDI SAA: Nakuweka kwenye spika. Jamani, dada yangu huyu! Na leo tuna mgeni, Nati, mshona viatu wa hapa jirani. Ndiyo kwanza anajifunza.

NATI: Karibu, mgeni! Kaka asikutishe na —

FUNDI SAA: Nilikuwa namweleza. Mimi nasimulia hadithi, kila mmoja ana mtu wake humo ndani, na penye shaka tunarusha dadu. Sasa ananiuliza, kama dadu ndizo zinaamua, vifaa vya uchawi ni vya nini?

NATI: Mwambie dadu hazina huruma. Kifaa cha uchawi ndiyo huruma yenyewe.

FUNDI SAA: Umesikia, mgeni? Mzee wa duka la rangi hapa ana fimbo ya moto, anaitumia mpaka kuchemshia chai. Dada yangu ana pete. Ukiizungusha kidoleni inakutoa popote ulipobanwa. Mara moja tu, halafu inakuwa chuma. Anayo mwaka wa tatu huu. Hajaigusa!

NATI: Akiba haiozi.

FUNDI SAA: Kararuliwa na mbwa mwitu, hakuigusa. Kafungwa gerezani vikao sita, tukamchimbia shimo kwa kijiko —

NATI: Na si mlinitoa? (kando) Subiri, fundi. Beringi ya gurudumu la mbele? ... Imebaki moja. Ya mwisho haitoki, sheria yangu unaijua. Kamwambie meneja aagize. ... Haya, kaka.

FUNDI SAA: Mnamsikia? Basi zima lilale, beringi ibaki kwenye rafu!

NATI: Na kesho likija lililoharibika zaidi? Simulia, bwana.

FUNDI SAA: Sawa. Uko ndani ya kisima. Kamba imekatika. Maji yanapanda, yamefika kifuani. Wenzako wako mbali, wanapigana na — (mkwaruzo) — hawakusikii. Unafanya nini?

NATI: Nini? Unakatika-katika.

FUNDI SAA: Hawakusikii! Unafanya nini?

NATI: Nasubiri.

FUNDI SAA: Yamefika mabegani.

NATI: Naita.

FUNDI SAA: Hakuna anayekuja. Shingoni, Nati. Zungusha pete.

NATI: Bado.

FUNDI SAA: Bado nini? Maji yako kidevuni!

NATI: Nimesema bado! Nikiimaliza kwenye kisima, tukifika kwa joka nitashika nini?

FUNDI SAA: Jamani, nipeni dakika mbili, natoka nje. ... Nimezima spika. Nati, chuo umewajibu?

NATI: Tunacheza, kaka.

FUNDI SAA: Leo saa kumi wanafunga orodha. Barua yao ya kukukubali unayo miezi miwili. Ufundi mitambo, na malazi juu! Wanataka neno moja tu, "nakuja". Ikipita saa kumi, hiyo ni karatasi ya kufungia misumari.

NATI: Najua ilivyoandikwa. Naisoma kila siku nikila chakula cha mchana.

FUNDI SAA: Kusoma siyo kujibu! Miaka kumi na moja unawapitishia wenzio vipuri kwenye tundu la wavu. Wakishindwa wanakuja kukuuliza wewe kinakaaje. Hujawahi kukifunga hata kimoja kwa mkono wako.

NATI: Meneja anasema nikiondoka stoo itakufa. Hakuna mwingine anayejua kitu kiko wapi.

FUNDI SAA: Ulitaka aseme nini? Ngoja ngoja huumiza matumbo, mdogo wangu, na —

NATI: (kando) Nakuja, fundi, nipe dakika! ... Kaka, naogopa. Haya, nimesema. Nikienda huko nikashindwa, watoto wa miaka ishirini wakinicheka, ndiyo basi, sina pa kutokea tena. Sasa hivi meneja akinifokea nagusa mkoba tu. Barua imo. Najua nikitaka naondoka. Moyo unatulia, jioni inafika. Na pete ni hivyo hivyo. Ikiwa kidoleni naweza kukaa kwenye kisima chochote.

FUNDI SAA: Lo.

NATI: Lo nini?

FUNDI SAA: Nati, kuna kitu nimekuficha.

NATI: Usinitie presha.

FUNDI SAA: Unakumbuka siku niliyokupa ile pete? Meneja alikuwa amekutukana mbele ya watu, ukaja ukakaa mezani unalia. Sikuwa nimeandaa pete yoyote. Niliibuni pale pale ili unyamaze. Vifaa vyote vya uchawi huwa naviandika daftarini, kinafanya nini, kinafanya mara ngapi. Fimbo ya mzee imo. Kofia ya wifi yako imo. Pete yako nimeitafuta jana, kurasa zote. Haimo.

NATI: Haimo vipi?

FUNDI SAA: Haimo. Na sheria ya meza tuliiweka wenyewe: kisichoandikwa hakina nguvu. Ungeizungusha kule gerezani, ungekuwa unazungusha chuma.

NATI: Kwa hiyo miaka yote mitatu ...

FUNDI SAA: Nisamehe. Nilidhani utaitumia wiki ile ile, niiandike siku hiyo. Nani anakaa na —

NATI: Nyamaza kwanza.

(mkwaruzo)

FUNDI SAA: Nati? Upo? Haloo?

NATI: Nipo. Nacheka. Sijui kama nacheka. Kaka, gerezani nilikuwa mtulivu kuliko nyinyi nyote!

FUNDI SAA: Najua.

NATI: Kwa chuma kitupu!

FUNDI SAA: Naweza kuiandika sasa hivi. Kalamu ninayo mfukoni. Naandika "inamtoa", yanaisha —

NATI: Usiandike. Maji yamefika wapi?

FUNDI SAA: Mdomoni.

NATI: Kuta za mawe?

FUNDI SAA: Za mawe, zina utelezi.

NATI: Napanda.

FUNDI SAA: Kwa mikono? Dadu ya nyuso ishirini, na unahitaji kumi na nane kwenda juu. Ukikosa —

NATI: Nimesikia. Rusha.

FUNDI SAA: Ngoja niingie ndani, wote waone. (mlio) Kinalia nini hicho?

NATI: Salio langu linaisha. Saa ngapi huko?

FUNDI SAA: Kumi kasoro sita. Jamani, Nati anapanda kwa mikono! Sogezeni vikombe! ... Naam, narusha. Inazunguka ...

NATI: Kaka, nakata.

FUNDI SAA: Subiri, inasimama, hii hapa —

NATI: Siwezi kusubiri. Salio limebaki la dakika mbili, na chuo hawajui kama nakuja.

FUNDI SAA: Nati, sikia basi umepata ku—

(simu imekatwa)