Glavu Yenye Vidole Gumba Viwili

Kijiwe cha Akranes, mji wa wavuvi kaskazini ya mbali, hakina benchi. Kina maji ya moto. Kila asubuhi, upepo ukikwangua masikio, wazee huzama hadi mabegani kwenye dimbwi dogo kando ya bwawa la kuogelea la mji, vikombe vya kahawa ya bure ukingoni, na kazi ya kubishana inaanza. Ófeigur, ambaye wote humwita Redio maana hana kitufe cha kuzima, hukaa penye mapovu. Bergþóra, mwalimu mstaafu, yeye ni Hakimu. Ketill Seremala hukaa pembeni akisikiliza. Asubuhi moja alizama bila hata kuchukua kahawa.

Jana yake chama cha wastaafu kilikodi basi wakatembezwa ghuba ya Hvalfjörður: jiwe la ukumbusho wa mabaharia wa misafara ya meli za wakati wa vita, gati la zamani, kisha makumbusho. Humo ndimo walimoiona picha. Mabaharia sita wa Kiingereza gatini, Novemba 1942, hakuna jina hata moja, na wa mbele amevaa glavu ya sufu yenye vidole gumba viwili. Binti mwongozaji akawaambia mfumaji alikosea.

— Eti mfumaji alikosea! Redio akaanza. Binti kamaliza chuo kikuu, anatembeza watu, na glavu ya kuvulia samaki haijui! Kiganja kikichakaa unaigeuza, kidole gumba cha pili kinashika zamu, unaendelea kuvuta kamba.

— Ulishamwambia mbele ya basi zima, alisema Bergþóra. Swali ni Mwingereza aliipata wapi.

— Dukani.

— Duka gani, we Redio? Zile haziuzwi. Unafumiwa na mtu wa kwenu, basi.

— Basi kaiba. Kwenye kamba ya nguo.

— Mchana kweupe, na kofia ya jeshi kichwani?

— Sasa nani kakwambia ni Mwingereza? Jasusi wa Kijerumani yule! Kavaa hivyo ajifanye mvuvi.

— Akasahau kuvua kofia.

— Ndiyo ujanja wenyewe! Au sikiliza, Hakimu. London waliagiza jozi elfu kumi kwa siri. Kidole kimoja kikiganda, askari ana cha akiba. Unadhani vita walishindaje?

Bergþóra alicheka hadi kahawa ikamwagika majini. Ketill hakucheka. Alikuwa anaiona ile picha: mistari mitatu penye kifundo cha mkono, wa katikati mpana. Glavu za namna hiyo alizivaa kila majira ya baridi mpaka mikono ya mama yake ilipochoka. Jozi ya mwisho bado ilikuwa kwenye sanduku lake la zana.

Yeye ni Ketill Sigurlaugarson, mwana wa Sigurlaug, kwa jina la mama na si la baba kama wengine, na sababu yake mji mzima unaijua. Alizaliwa Agosti 1943. Shuleni walimwita mtoto wa meli, na aliyeanza kumwita hivyo alikuwa Redio huyu huyu. Tangu wawe watu wazima hakuna aliyelitaja tena. Mama akiulizwa baba yuko wapi alijibu, “Aliondoka na meli,” akarudia sindano zake za kufumia. Wako wanawake waliokuwa wakipishana na mama yake njiani wakiutazama mlima, wasimsalimu. Jambo hilo linamuuma Ketill hadi leo, na umri wake miaka themanini na mmoja.

— Jamani, naomba nafasi.

Alikuwa Unnur, mwongozaji wa jana. Aliingia majini taratibu.

— Mzee Ófeigur, nimekubali, nilikosea. Makumbusho watabadilisha maandishi chini ya picha. Niambieni kitu kimoja tu: nani alimfumia?

Redio alifumbua mdomo, akamtupia Ketill jicho, akaufunga. Hapo Ketill akaelewa. Huyu mzee alikuwa ameiona mistari ile, akaitambua. Mwizi, jasusi, London, yote hayo alikuwa akimzungusha Bergþóra ili swali lake lisije likafika nyumbani kwa Sigurlaug.

— Mama yangu, alisema Ketill.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, na mwenyewe alishangaa.

— Mistari mitatu, wa katikati mpana. Kwetu tu ndiyo ilikuwa hivyo. Ninayo jozi nyumbani, nitakuletea.

Bergþóra aliweka kikombe ukingoni. Unnur akauliza kwa upole:

— Na huyo baharia aliitwa nani, babu?

Redio alitoka majini, akaukabili upepo peku, maji yakimchuruzika, mpaka kwenye chupa ya kahawa. Miaka thelathini hakuwahi kumletea mtu kikombe. Alirudi na kimoja, akakiweka mbele ya Ketill, akazama tena penye mapovu yake.

— Hilo mama hakuniambia, alisema Ketill.

— Sasa niandike nini?

Ketill alikishika kikombe kwa mikono miwili.

— Andika: baharia wa Sigurlaug.