Rangi Ile Haikuwa ya Mama Poda

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kituo chetu cha televisheni, Ndugu mwongozaji, ndugu waandishi wa tamthilia, mlioua watu wengi kwa kalamu na bado mnalala usingizi mnono, wasanii wenzangu, mafundi wa taa, sauti na kamera, majirani wa mtaa huu mliotuvumilia miaka saba tukiwazibia njia, mama yangu mzazi, mke wangu na wanangu, na wewe hapo katikati, uliyevishwa shada la maua na kukatazwa kunyanyuka kitini, Mama Poda wetu, mpambaji wetu unayestaafu leo: habari za mchana.

Naona wengine mnacheka kabla sijasema kitu. Nawaelewa. Miaka saba mmenitazama kwenye "Nyumba ya Pembeni" na leo ndiyo mara ya kwanza mnasikia sauti yangu.

Kwa faida ya wageni waalikwa, mimi ndiye yule mume. Mke wangu wa kwenye tamthilia alinitilia sumu kwenye chai katika sehemu ya kwanza, kabla hata majina ya wasanii hayajamaliza kupita kwenye kioo, kisha akanilaza kwenye friza la gereji, chini ya pakiti za samaki. Yeye akaendelea kumwagilia maua yake, kuwapeleka watoto shule, na kuongoza kamati ya usalama ya mtaa. Umeme ukikatika, watazamaji roho juu. Jirani akija kuomba nafasi ya kuhifadhi kuku wake, watu wanaziba macho. Na mimi, kazi yangu ilikuwa kulala, kufumba macho na kubana pumzi kila kamera iliponisogelea. Ndiyo maana hapa kazini hakuna anayenijua kwa jina. Naitwa Marehemu. "Marehemu, njoo ule." "Marehemu, gari lako limeziba geti." Nami naitika.

Msidhani familia yangu ilikuwa na raha. Mke wangu huyu wa kweli amepewa pole saluni na watu asiowajua. Mwingine alimwinamia sikioni akamuuliza, "Dada, na wewe chai yake unaiweka nini?" Mama yangu ndiye aliyekataa kabisa. Hajawahi kutazama hata sehemu moja. Alisema, "Huyu nilimzaa analia. Siwezi kukaa nikamtazama amenyamaza."

Sasa niwaambie habari za Mama Poda. Kila asubuhi nilikaa mbele yake kwenye chumba cha kufulia cha ile nyumba, kati ya beseni na kamba ya nguo. Alichanganya rangi yake kwenye kifuniko cha kopo: kijivu, buluu kidogo, na kijani kiasi cha ncha ya kiberiti. Dakika arobaini. Nikitabasamu ananikemea, "Tulia, baba. Ukicheka unanipasulia shavu." Akimaliza ananigonga paji la uso na mpini wa brashi, anasema, "Haya, nenda kafe salama." Na jioni, hata awe amechoka vipi, haruhusu mtu atoke na rangi yake usoni. Hata mwongozaji mwenyewe akisema muda umekwisha, atajibiwa vilevile: "Nikimpaka mimi, namfuta mimi." Tulimwona ana ushamba. Tungenawa nyumbani, kuna tatizo gani?

Tukafika sehemu ya mwisho. Waandishi, Mungu awape maisha marefu, waliniona huruma wakanipa mstari. Mmoja! Mke anaota, anafunua friza, marehemu anaketi, anamtazama, anasema, "Ile chai ilizidi sukari." Basi. Ndugu zangu, mstari ule niliufanyia mazoezi wiki tatu. Kila kikombe nilichopewa nyumbani nilikilalamikia, mpaka mke wangu akaacha kununua sukari. Na mama, aliposikia mwanawe ataongea, alikubali kutazama. Akawaalika majirani zake wote.

Siku ilipofika, tulirudia tukio mara nane. Mara mbwa abweke, mara taa izimike. Mara ya tisa mwongozaji akasema, "Anza." Friza likafunuliwa. Na mimi sikuketi.

Kifua kilikuwa kimebanwa kana kwamba mtu mzima amenikalia. Nilitaka kuita, sauti ikagoma. Mnafahamu kilichotokea pale gerejini? Walikuwapo watu kumi na mmoja. Wote walinitazama, na wote walifurahi! Mwongozaji alinong'ona, "Mwacheni, anavuta muda. Hiyo ndiyo sanaa." Mpiga picha akanyanyua kidole gumba. Mke wangu wa kwenye tamthilia alijiongeza akatoa machozi ya kweli. Siwalaumu, ndugu zangu. Mtu amewafia kila siku kwa miaka saba. Siku anayokufa kweli mtamjuaje? Nilikuwa nimewazoesha vibaya.

Ndipo mlangoni ikasikika, "Kata!"

Wageni waalikwa, neno hilo lina mwenyewe. Anayelisema ni mwongozaji peke yake, na hilo limeandikwa ukutani.

"Nani kasema kata?"

"Mimi. Ile rangi ya midomoni si yangu."

"Mama, umeniharibia sehemu ya mwisho! Barua ya onyo utaipata leo leo!"

"Niandikie, baba. Lakini leta gari kwanza."

Gari lililokuwa karibu ni lile letu la polisi wa bandia, na ndilo lililonibeba. Mengine nasimulia kwa niaba ya fundi sauti, aliyeniinua miguu, na kama kawaida yake hakupoteza neno. Tulipofika hospitali, muuguzi wa mapokezi alinitazama: uso wa kijivu, shati lina barafu ya plastiki, pembeni askari wawili ambao si askari. Akasema kwa upole, "Poleni sana. Lakini huyu mmekosea mlango. Mochwari ni nyuma."

Angekuwa mtu mwingine angebishana. Mama Poda hakubishana. Alivua mtandio wake, akaulowesha kwenye bomba la kunawia, akaanza kunifuta palepale kwenye korido. Kidevu. Shingo. Shavu hili, shavu lile. "Nikimpaka mimi, namfuta mimi," anasema, na machozi yanamtoka. Kifo cha kopo kikatoka chote, ngozi yangu ikaonekana, jasho likaonekana. Lakini midomo, kila alivyoisugua, ilibaki ya buluu vilevile. "Dada yangu, tazama," akamwambia muuguzi. "Hii haitoki. Hii mimi sijaipaka." Muuguzi aliinama mara moja tu, akapiga kelele kumwita daktari.

Daktari aliniambia baadaye kuwa moyo wangu ulikuwa umebakiza dakika chache. Leo natembea, nala, nagombana na mke wangu. Nina furaha hata sijui niiweke wapi.

Lakini Mheshimiwa Mkurugenzi, kuna jambo moja linanikaa kooni, na kwa idhini yako nalitema mbele ya watu. Ndugu mwongozaji ni mtu wa kutimiza ahadi. Ile barua aliiagiza ofisini kwa simu kabla gari halijafika hospitali, ikachapwa, ikaingia kwenye faili. Baadaye sote tulikimbilia wodini na maua, na hakuna aliyeikumbuka. Mwezi uliopita katibu muhtasi alipofungua faili la Mama Poda kuandaa kustaafu kwake, alikuta miaka thelathini na moja bila doa, na karatasi moja. Imeandikwa hivi: "Alisimamisha kamera bila ruhusa kwa sababu isiyo ya kisanaa."

Mheshimiwa, sababu isiyo ya kisanaa ni mimi.

Nilipomuuliza Mama Poda, aliniambia, "Iache tu, baba. Si ni kweli nilisimamisha?" Yeye kairidhia. Mimi nakataa. Siwezi kukubali aende nyumbani na karatasi hiyo ikiwa neno la mwisho la ofisi juu yake. Je, ninyi mnakubali?

Ahsanteni. Nimesikia. Na namwona Mheshimiwa anatikisa kichwa kwamba nayo ofisi haikubali. Namwona pia Ndugu mwongozaji amesimama, anakuja huku, na nyie mlioanza kupiga makofi mwacheni apite kwanza. Karibu, kaka. Karatasi hii hapa. Hapana, usinikumbatie mimi, yeye yuko pale. Ichane taratibu, tafadhali, fundi sauti airekodi vizuri.

Haya. Mama Poda, sasa unaweza kunyanyuka.

Mama yangu, mstari wangu haukurushwa, na majirani zako ulishawapikia. Wako hapa leo, nimewaona. Basi sikilizeni: "Ile chai ilizidi sukari." Umeona, mama? Nimeongea.

Na wewe Mama Poda, sogea karibu, unitazame kama ulivyokuwa ukinitazama asubuhi. Leo sijapakwa kitu. Mke wangu alitaka kunipaka mafuta hata ya midomo, nikakataa, kwa sababu nilitaka ukague mwenyewe. Siku ile uliwaambia watu kumi na mmoja kwamba rangi waliyoiona si yako, na ulikuwa mkweli. Lakini hii unayoiona sasa, mama, hii ya mtu aliye hai, usiikane. Hii ni yako.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kumsikiliza Marehemu mpaka mwisho.