Matundu Niliyoyaona Katika Sahani

Bwana na atukuzwe, toka Pangani hata Tanga mjini! Ndugu zangu, nimesimama mbele yenu kwa sababu nilimwahidi mama yangu.

Mdogo wangu Eliza alipofariki kwa kuhara damu, niliacha kusali. Nilikuwa nimehitimu chuo, nafanya kazi katika maabara ya hospitali, na kila siku niliviona kwa darubini vijidudu vya aina ile iliyomuua. Nikamwuliza mama: Ni Mungu gani aumbaye kitu kama hiki? Hakunigombeza. Alisema, "Usiitikie Amina usiyoiamini, mwanangu. Ila siku utakapouona mkono wake, hata kidole kimoja, simama kanisani useme."

Baadaye akalazwa Bi Mwanaidi wa Kigombe, anahara damu. Alipoanza kupata nafuu, daktari aliniagiza nichunguze choo chake. Nikamwamkia shikamoo, akanikabidhi kikopo, uso ameufunika kwa kanga. "Marahaba. Ewe mwanangu! Kusoma kote kule, kumbe walikufundisha kuomba hiki?" Wodi nzima ikacheka. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Choo kile nilikichanganya na maji, nikayapitisha katika chujio la kauri ambalo kijidudu hakipenyi. Nikadondosha maji hayo maangavu katika sahani ambamo vijidudu vya kuhara damu vilikuwa vimeota kama utando wa maziwa. Asubuhi, ndugu zangu, utando ulikuwa na matundu! Ya mviringo, safi, kama kanga iliyoliwa na nondo. Nilidhani nimeharibu kazi. Nikachokoa tundu moja kwa sindano, nikapanda katika sahani nyingine: matundu yale yale! Nikajaribu kwa vijidudu vya homa ya matumbo: hakuna hata tundu moja. Nikayachemsha maji yale: nguvu yake ikatoweka.

"Ni virusi," daktari akasema. "Darubini yetu haivioni. Vinaviua vijidudu vya kuhara damu tu; vya aina nyingine havivigusi."

Nikaketi. Muuaji wa Eliza naye ana wa kumuua! Na amewekwa wapi? Ndani ya uchafu ule ule, katika tumbo la mgonjwa! Kabla sijauliza, jibu lilikwisha kuwekwa. Nikasema Amina, na nikaiamini.

Sisemi tumepata dawa. Eliza hatarudi, na bado namlilia. Lakini giza lililonishika tangu msiba limeniachia! Namshukuru Mungu, namshukuru na Bi Mwanaidi, aliyetoka wodini kwa miguu yake. Mama, leo nimesema.

Ndugu zangu, mtumainini Bwana. Nami nina ombi moja: tukiwaomba kikopo hospitalini, msione haya. Kifunikeni, mtuletee.