Fundi Aliyekaa Stoo na Tochi ya Binti Yake

Ndugu waombolezaji, nimepewa kazi ya kusoma habari za kaka yangu, na nitaisoma, ingawa tangu Jumanne akili yangu inakataa. Karatasi inasema "marehemu". Mimi bado nasema kaka.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Subiri, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba mpaka rangi na mama mfua nguo. Mimi ndiye kitindamimba, na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka nikajifunza kutembea kwa kuchelewa.

Alisoma shule ya msingi ya mtaa uleule. Akiwa darasa la sita aliifungua tochi ya mwalimu mkuu aone ndani mna nini. Aliirudisha ikiwa inawaka, lakini skrubu moja ikabaki, na badala ya kufunga mdomo akampelekea mwalimu mwenyewe. Alichapwa. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Mwaka 1988 alihitimu fani ya umeme katika chuo cha ufundi.

Alianza kazi kwenye kampuni ya kutengeneza vyumba vya baridi, kisha mwaka 1993 akafungua duka lake kati ya fundi cherehani na mchonga funguo. Ukinyoosha mikono mle ndani unagusa kuta zote mbili.

Mke alimpata kwa kosa. Wifi yangu wakati huo alikuwa akiwaonyesha watu viti kwenye ukumbi wa sinema, akaleta tochi iliyochoka. Kaka, kwa kutaka sifa, akaibandikia balbu ya pikipiki. Ukumbi mzima ukapiga kelele, "Dada, zima hilo jua!" Kesho yake wifi alirudi dukani amefura.

"Wewe fundi una wazimu? Uliniuliza hii tochi naifanyia nini?"

Hakuwa ameuliza. Aliomba radhi, akaitengeneza upya, akamsindikiza hadi kazini, na tarehe 12 Agosti 1995 wakafunga ndoa. Walijaliwa mtoto mmoja wa kike.

Kosa lile lilimkaa kichwani maisha yake yote. Balbu za LED zilipoingia, watu walimletea tochi zao za zamani awabadilishie, na kila mtu alitaka kali kuliko ya jirani. "Subiri kwanza," alikuwa akiwajibu, na jina likamganda. LED huwezi kuiunganisha na betri hivihivi. Inahitaji draiva, kile kibao kidogo cha mviringo kinachoamua umeme upite kiasi gani. Kabla ya kuchagua draiva alikuuliza unakwenda wapi, utaishika tochi muda gani isije ikakuunguza vidole, na ikizima utafanya nini. Kisha hakukukabidhi mpaka aingie nayo stoo ya nyumbani kwake, afunge mlango, akae gizani hadi betri iishe, aone inaishaje. Tulimcheka sana kwa hilo. Wifi alizoea kumpelekea chai humohumo.

Binti yao ni mchimba visima, na wengi wenu mnakunywa maji ya jasho lake. Mwezi uliopita alitaka tochi mpya ya kushuka nayo. Kaka alikuwa na draiva mbili mezani. Moja hutoa mwanga uleule tangu mwanzo, na betri ikiisha hukata papo hapo. Nyingine hufifia polepole, ukapata muda wa kupanda juu.

"Baba, mimi nataka mwanga wa maana. Huo wa kufifia wape wazee."

"Ikikata uko chini?"

"Nitatikisa kamba wanivute."

"Na kamba usipoiona?"

"Baba bwana! Mteja ni nani hapa?"

"Haya," alisema. "Mteja ni wewe."

Hapa ndipo wasifu huandika ugonjwa. Sina cha kuandika. Hakuumwa, hata mafua. Jumanne tarehe 3 Juni alikunywa chai, akamtania wifi kuhusu kilemba chake, akaingia stoo na tochi ya binti. Chai ya pili ilipofika hakuitika. Wifi alifungua mlango akamkuta ameketi juu ya kreti, ameegemea ukuta, tochi inawaka mkononi. Daktari alisema moyo ulisimama. Ukasimama tu, basi? Nimeuliza, nimejibiwa, na bado nauliza.

Kaka alipoondolewa, hakuna aliyethubutu kuizima tochi ile. Wifi aliiweka kwenye rafu mlemle stoo. Binti alifika mchana, akaingia, akafunga mlango. Sisi tulikaa nje tukiutazama mwanga uliopita chini ya mlango. Haukupungua hata kidogo, kisha ukakatika. Tulisikia ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtoto yule. Alitoka akipapasa ukuta.

"Imezima tu, mama. Haikuniaga. Hata mlango sikuuona, na mlango huu naujua toka utotoni." Akaigeuzageuza tochi mkononi. "Kaniwekea niliyoitaka mimi. Kwa nini hakubisha?"

"Hakumaliza," wifi alisema. "Angemaliza angekuita ukae mwenyewe stoo. Ndivyo alivyokuwa akibisha."

Jana asubuhi wifi alifungua duka, akaitoa draiva ile, akalehemu ya pili, ile ya kufifia, kwa mikono yake, kama alivyomwona kaka akifanya miaka yote. Hakutaka kusaidiwa.

Marehemu ameacha mjane, ambaye kuanzia Jumatatu ndiye fundi wa duka lile. Binti mmoja, atakayeshuka kisimani juma lijalo na tochi aliyoichagua baba yake. Mkwe mmoja na mjukuu mmoja. Na mimi mdogo wake, ambaye tangu Jumanne nimeshampigia simu mara mbili.

Kaka, umetushtua. Mungu akupokee, ulale kwa amani.