Muhuri wa Mwenyekiti

Tangu Kaliua, mzee aliyekaa mbele yangu kwenye treni alikuwa akiitukana benki moja ya Bujumbura. Alikwenda kufungua akaunti ili wanunuzi wake wa asali wamlipe hukohuko, wakamkatalia.

“Ati nilete bili ya umeme! Sisi umeme tunanunua kwanza ndiyo tunawasha. Bili itoke wapi?”

“Si ungepeleka barua ya serikali ya mtaa, baba?” aliuliza mama aliyekaa ubavuni mwake, amepakata kapu la dagaa.

“Nilipeleka! Yule binti wa benki akaisoma, akacheka. Ati aliyeandika na aliyeandikiwa ni mtu mmoja. Sasa mwenyekiti wa mtaa ni mimi, muhuri ninao mimi. Nani mwingine aniandikie?”

Niligeukia dirishani, maana kicheko changu hakikuwa na adabu.

“Mgeni kwao si mtu!” alifoka. “Unasimama na karatasi zako zote, wanakutazama kama mwizi!”

Mapaa ya Tabora yalipoonekana na breki zikaanza kulia, mama aliweka kapu lake chini.

“Mimi kwetu Kalemie, ng'ambo ya ziwa, baba. Mwaka jana nilitaka akaunti hapa Tabora, nikaja ofisini kwako mara tatu kuomba barua hiyohiyo. Ulisema humwandikii mtu usiyemjua. Na nimepanga nyumba ya tatu kutoka kwako.”

“Sasa si wewe ni mgeni!” mzee alifoka, na treni ikasimama.